Kikohozi cha bakteria: hesabu siku, kisha hesabu pumzi

Watu wengi wakiugua kifua huangalia kwanza rangi ya makohozi. Yakiwa meupe wanavumilia. Yakigeuka njano au kijani wanakimbilia antibiotiki. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi, mpaka nilipojua kuwa ukijani ule hauletwi na bakteria. Unatoka mwilini mwetu wenyewe. Chembe nyeupe za damu zinazokwenda kupambana na vimelea hubeba kimeng'enya cha kijani, na zikifa kwa wingi ndani ya ute, kohozi huchukua rangi hiyo, mvamizi awe kirusi au bakteria. Mafua ya kawaida, ambayo ni ya virusi, huanza na kamasi nyepesi kama maji, kisha nzito ya njano, kisha yanaisha bila kidonge hata kimoja cha antibiotiki.

Rangi basi tuiweke kando. Kuna mambo mawili yanayosema zaidi: kalenda na pumzi. Ugonjwa umekwendaje siku hadi siku, na mgonjwa anapumua mara ngapi kwa dakika? Mwongozo huu umejengwa juu ya hesabu hizo mbili. Haukufanyi daktari, ila utakusaidia kujua lini usubiri, lini uondoke nyumbani, na ukifika kwa mtaalamu umweleze nini.

Kabla ya hatua ya kwanza

Usiendelee kusoma, mpeleke mgonjwa hospitali sasa hivi, ukiona lolote kati ya haya:

- Anahema kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi moja, au midomo na ulimi vimegeuka bluu au kijivu. Kwa mwenye ngozi nyeusi, angalia ulimi na fizi. Ngozi ya nje huficha.
- Amechanganyikiwa, au analala usingizi usioamshika kirahisi.
- Mtoto ameshindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, au amepata degedege.
- Sehemu ya chini ya kifua cha mtoto inabonyea ndani kila anapovuta pumzi.
- Anatoa sauti ya kukwaruza anapovuta hewa ilhali ametulia.
- Anakohoa damu nyingi.
- Mtoto wa chini ya miezi 2 ana homa, mwili wa baridi usio wa kawaida, au anapumua haraka.

Yupo na mwingine ambaye watu humkosea: mgonjwa mwenye homa kali, koo linauma, anadondokwa mate kwa sababu hawezi kumeza, na ameketi akiinamia mbele ili apate hewa. Huenda kidakatonge, kile kifuniko kidogo kinachozuia chakula kisiingie kwenye njia ya hewa, kimevimba. Usimpanue kinywa umchungulie, wala usimlaze chali. Mwache akae hivyo hivyo alivyojiweka, na mwende.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa umekaa wapi

Njia ya hewa ni moja kutoka puani hadi mapafuni, lakini magonjwa yake hayafanani. Juu kuna pua, masikio, koo na sinasi, yaani mashimo ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso. Chini kuna bomba la hewa, matawi yake, na mwishoni kabisa vifuko vidogo vya hewa, mamia ya milioni, ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Maambukizi ya juu mara nyingi ni ya virusi na mengi hupona yenyewe. Mkamba, yaani uvimbe wa matawi ya hewa, nao kwa mtu aliyekuwa mzima kwa kawaida ni wa virusi, hata ukikohoza usiku kucha. Vifuko vya hewa vikijaa majimaji na usaha, hiyo ni nimonia, ambayo wengi huiita kichomi au homa ya mapafu. Hapo bakteria ni mshukiwa mkubwa.

Jambo lililonishangaza ni kwamba bakteria anayesababisha nimonia zaidi ya wenzake, Streptococcus pneumoniae, si mgeni kutoka mbali. Hukaa kimya puani na kooni kwa watu wazima wa afya, na zaidi kwa watoto wadogo, bila kuwadhuru. Kuta za njia ya hewa zina ute unaonasa uchafu, na vinyweleo vidogo sana vinavyopepea mfululizo kuusukuma ute huo juu ili umezwe au utemwe. Kirusi cha mafua au cha influenza kikipita huvunja vinyweleo hivyo na kuacha ukuta wazi. Mpangaji aliyekuwa mpole hupata nafasi ya kushuka chini. Katika janga la influenza la mwaka 1918, wengi wa waliokufa walikuwa na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya kirusi, na wakati ule antibiotiki hazikuwepo.

Ndiyo maana swali "ni virusi au ni bakteria?" wakati mwingine lina jibu la tatu: vilianza virusi, bakteria wakafuata. Jibu hilo hulioni kwenye kohozi. Unaliona kwenye kalenda.

Hatua ya 2: Fungua daftari, andika siku

Siku ya kwanza ni ile dalili ya kwanza ilipoanza, hata kama ilikuwa kuwashwa koo tu. Kila jioni andika mistari miwili: joto la mwili ukilipima kwa kipimajoto, na kama leo ni afadhali au ni vibaya kuliko jana. Usiandike riwaya. Ukiwa na siku nne au tano, utaanza kuona ugonjwa unaelekea wapi.

Mwelekeo wa kwanza ni wa mlima mmoja. Dalili zinapanda siku ya pili na ya tatu, zinakaa kileleni kidogo, kisha zinashuka. Homa, kama ilikuwepo, inaondoka mapema. Kikohozi kinabaki nyuma, na kinaweza kuendelea kwa wiki mbili hadi tatu kwa sababu ukuta uliochubuka unahitaji muda kujiganga. Huu ni mwendo wa virusi. Kikohozi kinachobaki huku kila kitu kingine kikiwa kimetulia si sababu ya antibiotiki.

Mwelekeo wa pili ni wa milima miwili, na ndio wa kuogopa. Mgonjwa alianza kupata nafuu, ameketi, ameomba chakula, halafu siku ya tano, ya sita au ya saba homa inarudi kwa nguvu na kikohozi kinazidi. Mlima wa pili mara nyingi ni wa bakteria. Mtu anayesema "nilikuwa nimepona, sijui imekuwaje" amekupa taarifa muhimu kuliko rangi yoyote ya kohozi.

Wa tatu hauna mlima, una ukuta. Asubuhi mtu ni mzima, jioni anatetemeka kwa baridi mpaka meno yanagongana, homa iko juu, na upande mmoja wa kifua unamchoma kama kisu kila anapovuta hewa. Baadaye kohozi huweza kutoka la rangi ya kutu. Hiyo ndiyo sura ya kale ya nimonia ya bakteria niliyemtaja. Huyu hasubiri daftari lijae.

Wa nne unatambaa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa ndogo za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, na nguo zinazoanza kumpwaya mtu. Hicho ni kifua kikuu mpaka vipimo vikatae. Na hapa kuna mgongano nisingependa kuuficha: nimesema kikohozi cha virusi chaweza kufika wiki tatu, na sasa nasema wiki mbili ni za kupima kifua kikuu. Yote mawili ni kweli. Kwenye maeneo yenye kifua kikuu kingi, anayekohoa wiki mbili hupimwa makohozi hata kama inaonekana ni mabaki ya mafua, kwa sababu kumpima bure mtu mmoja ni heri kuliko kumwacha mwingine akiambukiza nyumba nzima.

Kwa sinasi kalenda ina kanuni zake. Pua kuziba na uso kuuma kwa siku saba ni mafua tu. Zikipita siku 10 bila nafuu yoyote, au nafuu ikaja halafu hali ikaharibika tena, au mtu akawa tangu mwanzo na homa ya nyuzi 39 pamoja na kamasi ya usaha kwa siku tatu au nne mfululizo, hapo bakteria wanahusika.

Hatua ya 3: Hesabu pumzi

Ukijifunza jambo moja tu hapa, basi liwe hili. Nimonia hupunguza sehemu ya pafu inayofanya kazi, na mwili hujibu kwa kuongeza kasi. Kasi hiyo hupanda mapema, na huhitaji kifaa chochote kuihesabu isipokuwa saa yenye sekunde.

Mtoto awe ametulia: halii, hanyonyi, hachezi. Akiwa amelala ni bora zaidi. Inua nguo uone tumbo na kifua. Kila tumbo linapopanda ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne, kwa maana watoto hupumua kwa vipindi, mara mbio, mara wakatulia, na ukichukua kipande kidogo utapotoka. Ukipata namba ya juu, subiri kidogo uhesabu tena.

Viwango vinavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani kusema mtoto anapumua haraka ni hivi:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika.
- Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
- Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto mwenye kikohozi aliyefikia namba hizo anahitaji kuonwa siku hiyo hiyo, na wa chini ya miezi 2, kama nilivyosema mwanzo, apelekwe hospitali sasa hivi. Akiwa na homa kali, homa yenyewe huongeza pumzi, hivyo unaweza kumpa dawa ya homa na kuhesabu tena ikishuka. Lakini fanya hivyo mkiwa njiani au mnajiandaa, si kama kisingizio cha kungoja kesho.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 30, hiyo ni dalili ya nimonia kali. Shida ya kumhesabia mtu mzima ni kwamba akijua unamhesabia hubadilisha pumzi bila kukusudia. Wauguzi wana ujanja wao: wanamshika kifundo cha mkono kana kwamba wanapima mapigo, kumbe macho yako kifuani.

Kama una kile kifaa cha kubana kidole kinachosoma oksijeni, kitumie, ila usikiabudu. Ondoa rangi ya kucha, pasha mkono uliopoa, subiri namba itulie. Kwa mtu mzima wa afya asiyeishi kwenye milima mirefu sana, asilimia 95 na kuendelea ni sawa. Kati ya 90 na 94 kwa mgonjwa wa kifua ni ishara ya kwenda kuonwa, na chini ya 90 ni dharura. Imeonekana pia kwamba vifaa hivi huweza kusoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mgonjwa akiwa anahema na kifaa kinasema 95, mwamini mgonjwa.

Wazee ni habari nyingine. Mzee mwenye nimonia anaweza asiwe na homa wala kikohozi cha maana. Anaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, anaanguka, anakataa kula, anajikojolea wakati hakuwa hivyo. Watu husema "ni uzee umemfika". Hesabu pumzi zake kabla ya kuulaumu uzee.

Hatua ya 4: Koo lina kanuni zake

Koo kuuma ndiko kunakoongoza kwa antibiotiki za bure. Kwa watoto, ni koo mbili au tatu kati ya kumi zinazouma kwa sababu ya Streptococcus pyogenes, bakteria wa kooni anayestahili dawa. Kwa watu wazima ni takriban moja kati ya kumi. Matabibu huangalia mambo manne: homa, mafindofindo yenye madoa ya usaha, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na kuuma zikiguswa, na kutokuwepo kwa kikohozi. Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Mwenye koo linalouma pamoja na kikohozi, kamasi na sauti iliyokauka, karibu kila mara ana virusi.

Akiwa na dalili tatu au zote nne, apimwe kwa kijiti kinachopanguswa kooni pale kipimo kilipo. Sababu ya kumjali bakteria huyu si koo lenyewe, maana koo hupona ndani ya wiki hata bila dawa. Ni kwamba wiki mbili au tatu baadaye, kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyomshambulia bakteria hugeukia viungo na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na moyo ulioharibiwa nayo haurudi kama ulivyokuwa. Penisilini ikitolewa vizuri huzuia hilo, na hapa siku 10 zimewekwa kwa makusudi.

Mgonjwa wa koo akianza kuongea kama mtu mwenye tonge la moto mdomoni, akashindwa kufungua kinywa na maumivu yakawa upande mmoja, huenda jipu limejengeka nyuma ya findo. Hilo hukamuliwa hospitali.

Hatua ya 5: Nenda ukiwa na maneno yaliyo tayari

Daftari lako linafanya kazi hapa. Badala ya kusema "nina kifua", sema: "Leo ni siku ya nane. Siku ya tano nilikuwa nafuu, ya sita homa ikarudi, nyuzi 39. Nachomwa upande wa kulia nikivuta hewa." Sentensi hizo tatu zinampa daktari nusu ya kazi.

Kisha mwambie bila kuulizwa: mzio wa dawa, na mzio huo ulikuwaje, kwa sababu kuharisha baada ya penisilini si sawa na kuvimba uso na kushindwa kupumua, ujauzito, dawa nyingine unazotumia, antibiotiki yoyote uliyomeza ndani ya miezi mitatu, pamoja na ile uliyojinunulia na unaona aibu kuitaja, pumu, kisukari, selimundu, VVU, ugonjwa wa moyo, na kama unavuta sigara.

Atakusikiliza mgongoni kwa stetoskopu. Pafu lenye nimonia hutoa mlio wa kuchakarika, kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio, au hewa husikika kwa ukali mahali ambapo ilipaswa kusikika kwa upole. Huenda akaagiza eksirei, ambapo sehemu iliyojaa majimaji huonekana nyeupe badala ya nyeusi, au kipimo cha damu kinachoonyesha mwili unapambana na ugonjwa kwa kiasi gani. Si kila mgonjwa anahitaji haya. Nimonia isiyo kali mara nyingi hutambuliwa na kutibiwa bila picha, na hilo si uzembe.

Ukiombwa makohozi, toa makohozi, si mate. Sukutua kinywa kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa, nje mahali penye upepo, mbali na watu. Maabara hupaka rangi kohozi kwa njia iliyobuniwa na Hans Christian Gram mwaka 1884: bakteria wengine hubaki zambarau, wengine hugeuka waridi, na hiyo tayari inapunguza orodha ya washukiwa. Kuotesha vimelea ili kujua dawa ipi inawaua huchukua siku moja, mbili au zaidi, ndiyo maana dawa ya kwanza huanza kabla majibu hayajatoka.

Hatua ya 6: Ukipewa antibiotiki

Uliza mambo manne kabla ya kuondoka dirishani: jina la dawa, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na kabla au baada ya kula. Andika. Usitegemee kumbukumbu ya mtu mwenye homa.

Inafaa kujua dawa inafanya nini, kwa kuwa ndipo maagizo yanapoeleweka. Amoksilini, ndugu wa penisilini, huzuia bakteria kujenga ukuta wake. Inafanya kazi ikiwa ipo kwenye damu muda wote, kwa hiyo dozi za mara tatu zigawanywe kwa saa 8. Kumeza mbili kwa mpigo jioni kwa sababu ulisahau mchana hakufidii. Kuna bakteria wa nimonia, Mycoplasma pneumoniae, ambaye hana ukuta kabisa. Amoksilini haina cha kubomoa kwake, hivyo hutumiwa dawa za aina nyingine, kama doksisaikilini au azithromaisini. Doksisaikilini imezwe kwa maji mengi na usilale papo hapo, kwani kidonge kikikwama kinaunguza umio. Na usiinywe na maziwa, yanaishika isiingie mwilini. Siprofloksasini, ambayo wengi huipenda kwa kudhani ni kali, ni dhaifu kwa bakteria mkuu wa nimonia, na dawa za familia yake zinaweza kumfanya mwenye kifua kikuu aonekane amepata nafuu kwa muda huku ugonjwa ukiendelea kula pafu.

Sindano nayo haina uchawi. Kama unaweza kumeza na hutapiki, kidonge sahihi kinatosha kwa nimonia isiyo kali.

Dawa ya mtoto ya unga: chemsha maji, yapoe kabisa, jaza hadi mstari, tikisa, na tikisa tena kabla ya kila dozi. Pima kwa bomba au kikombe kilichokuja nayo. Vijiko vya nyumbani havilingani. Iliyobaki baada ya tarehe iliyoandikwa imwagwe, isitunzwe kwa ajili ya kikohozi kijacho.

Kuhusu kumaliza dozi, ushauri umebadilika kidogo. Zamani kila ugonjwa ulipewa siku 7, 10 au 14. Leo, kwa nimonia isiyo kali inayoendelea vizuri, siku 5 mara nyingi zinatosha. Koo la streptokokasi limebaki siku 10, na kifua kikuu cha kawaida kwa wengi ni miezi 6. Usitafsiri hilo kuwa ruhusa ya kuacha unapojisikia vizuri. Maana yake ni kwamba siku alizoandika daktari ndizo zako, zisizidi wala kupungua.

Baada ya saa 48 hadi 72 homa inapaswa kuanza kushuka na pumzi kupungua. Rudi kwenye daftari uhesabu. Kama namba hazijasogea, au zimepanda, rudi ulikotoka. Usibadilishe dawa mwenyewe. Huenda bakteria ni sugu, huenda si bakteria, au majimaji yamekusanyika nje ya pafu na yanahitaji kutolewa. Kuharisha kidogo ni kawaida. Kuharisha damu, vipele vinavyoenea, uso kuvimba au kifua kubana baada ya kumeza ni sababu ya kuacha dawa na kwenda hospitali mara moja.

Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928, na alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitumia hotuba yake kuonya kuwa dozi hafifu zitawafundisha bakteria kuistahimili. Kwa makadirio ya mwaka 2019, vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliokuwa sugu. Azithromaisini, ambayo watu huipenda kwa kuwa inaisha kwa siku tatu, Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2017 kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu. Nilipojua hilo niliacha kuiomba kwa jina.

Hatua ya 7: Ukiambiwa ni virusi

Usitoke umenuna. Umeambiwa habari njema. Mnachofanya nyumbani ni kumsaidia mgonjwa avumilie siku zipite: maji ya kutosha, mapumziko, parasetamoli kwa homa na maumivu. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na akumbuke kwamba dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani. Aspirini asipewe mtoto. Asali hutuliza kikohozi, lakini si kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, ambaye inaweza kumletea sumu ya botulizimu. Matone ya maji ya chumvi puani humsaidia mchanga kunyonya. Dawa za kikohozi zenye kodeini zikae mbali na watoto, maana huweza kuzuia pumzi.

Sufuria la maji ya moto la kujifukizia silipendi kwa watoto. Wengi wameungua kwa faida ndogo sana. Moshi, uwe wa sigara au wa jikoni, uondoke chumbani mwa mgonjwa. Unaua vile vinyweleo ambavyo mwili unahangaika kuvirudisha.

Daftari liendelee. Ule mlima wa pili unaweza kuja hata baada ya daktari kusema kweli kwamba ilikuwa virusi.

Hatua ya 8: Wengine nyumbani

Dirisha wazi, kukohoa kwenye kiwiko, mikono kunawa. Mwenye koo la streptokokasi akae nyumbani hadi zipite saa 24 tangu dozi ya kwanza na homa iwe imekwisha. Mwenye kifaduro, kile kikohozi cha mfululizo kinachoishia na mvuto mkali wa hewa au kutapika, abaki siku 5 za dawa. Kifaduro ni hatari zaidi kwa mchanga, ambaye huenda asikohoe kabisa bali akaacha tu kupumua kwa muda, kwa hiyo mkohoaji asimbebe.

Angalia kadi za chanjo za watoto. Chanjo ya nimokokasi (yule Streptococcus pneumoniae), ya Hib (bakteria Haemophilus influenzae aina b), ya kifaduro na dondakoo, na ya surua pia, zote zinafunga milango ambayo bakteria hupitia. Wazee na wenye magonjwa sugu nao waulize kuhusu nimokokasi na influenza.

Hatua ya 9: Kalenda ya kupona

Hapa wengi hukata tamaa kwa sababu hakuna aliyewaambia itachukua muda gani. Baada ya kuanza tiba ya nimonia, tarajia homa iwe imekwisha ndani ya wiki moja. Kufika wiki ya nne, maumivu ya kifua na makohozi viwe vimepungua sana. Wiki ya sita, kikohozi na kuhema vipungue. Kwa miezi mitatu karibu kila kitu kimeondoka isipokuwa uchovu, na wengi hujisikia kama zamani ndani ya miezi sita. Kwa hiyo kuchoka ukipanda ngazi wiki ya tatu hakumaanishi dawa imeshindwa. Homa mpya wiki ya tatu ni jambo jingine, na ni ya kurudi nayo.

Picha ya eksirei hupona polepole kuliko mtu mwenyewe, ndiyo maana kwa aliyepata nafuu hairudiwi mapema. Lakini kama unavuta sigara, au umevuka miaka 50, au dalili zimegoma kuondoka, muulize daktari kuhusu kuirudia baada ya wiki 6 hivi, kwa sababu mara chache nimonia hukaa mbele ya uvimbe kama wa saratani na kuuficha. Iandike tarehe hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, siku ile ile uliyotoka hospitali.